Kesi Inayofunguliwa Ili Mtu Anyamaze

Zipo kesi za madai ambazo aliyezifungua hahitaji kushinda. Anachohitaji ni mdaiwa achoke, aishiwe fedha, aogope, kisha anyamaze. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Mada ni sheria zinazomlinda mtu anayesema jambo lenye maslahi kwa umma, asiburuzwe mahakamani kwa madai yasiyo na msingi. Nchi kadhaa duniani zimetunga sheria za namna hiyo. Tanzania bado. Kipindi kitaanza na kesi hizo zinavyokuwa, kiende kwenye kesi moja kubwa iliyohusu dhahabu ya Tanzania na ya Kongo, kisha kirudi nyumbani kuangalia sheria zetu zinasemaje.

Kwanza kesi yenyewe. Chukua mfano, na huu ni mfano tu, haumhusu mtu wala mtambo wowote uliopo. Mama mmoja anaishi jirani na mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Katika mji wa dhahabu wa Makongolosi, wilayani Chunya, hakuna asiyejua kinachotumika kwenye kazi hiyo: zebaki kwa wachimbaji wadogo, sianidi kwenye matenki ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya zebaki. Mbuzi wa mama huyo wanakufa baada ya kunywa maji ya mfereji unaopita nyuma ya uzio. Anaandika barua kwa mtendaji wa mamlaka ya mji mdogo, nakala kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lile linalojulikana kama NEMC. Kwenye mkutano wa kitongoji anasimama na kuomba maji yapimwe. Kijana mmoja anamrekodi, sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Haipiti muda, inafika bahasha.

Ndani yake mna notisi ya wakili, yenye muhuri na saini. Inamtaka mama akanushe maneno yake na kuomba radhi kwa maandishi ndani ya siku 7, na alipe shilingi milioni 500 kwa kulichafua jina la kampuni yenye mtambo. Akikaa kimya, hatua za kisheria zitafuata bila taarifa nyingine. Mama anayeuza vitumbua na kufuga mbuzi anadaiwa milioni 500. Anaisoma mara mbili, anampa mwanawe wa sekondari amsomee mara ya tatu, huenda sifuri zimehesabiwa vibaya. Hazijahesabiwa vibaya.

Halafu inakuja samansi pamoja na hati ya madai. Sheria ya Mwenendo wa Madai inampa mdaiwa siku 21 kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Zikipita, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, yeye asiwepo, na hukumu ikatoka. Kwa hiyo lazima atafute wakili, na mawakili wengi wako Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Makongolosi, kupitia Chunya na milima ya Kawetere. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala kesi ikichelewa kuitwa. Kesi inatajwa, inaahirishwa. Wakili wa upande wa pili ana udhuru, inaahirishwa. Hakimu yuko likizo, inaahirishwa. Ili kuthibitisha kwamba maji yana sumu anahitajika mtaalamu wa kuyapima, na mtaalamu ana gharama zake. Mbuzi waliobaki wanauzwa ili kesi iendelee.

Swali kwa msikilizaji: je, kampuni ile ina haja ya kushinda?

Haina. Kila kesi inapoahirishwa, mwenye fedha amepungukiwa kidogo sana na asiye na fedha amepungukiwa mno. Miaka ikipita na mahakama ikamwambia mama kwamba hakukosea, fidia hana, mbuzi hana, na maji hayajapimwa. Na si yeye peke yake aliyelengwa. Majirani waliona bahasha ile, wakaona mama anavyopanda basi alfajiri na kurudi usiku. Mkutano unaofuata mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye hoja kuhusu maji. Hakuna anayenyoosha mkono. Adhabu imeshatolewa njiani, kabla ya hukumu kuandikwa, tena imetolewa kwa kitongoji kizima.

Hilo ni la kushikwa vizuri kwa sababu kila kitu kingine katika mazungumzo haya kinalitegemea: katika kesi za namna hii, mwendo wa kesi ndio adhabu.

Je, hii ina maana kwamba kila kesi ya kashfa ni ya uonevu? Hapana. Jina la mtu ni mali yake, na sheria inayolilinda ni sheria ya haki. Wasikilizaji wengi wanakumbuka kesi ya marehemu Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, dhidi ya Cyprian Musiba. Magazeti yalikuwa yamemwandika Membe kwa tuhuma nzito, akaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2021 mahakama ikaamua kwamba alikashifiwa, ikaamuru alipwe mabilioni ya shilingi. Mtu aliyetuhumiwa hadharani kwa jambo ambalo mtuhumu hakuweza kulithibitisha alipata pa kukimbilia. Hakuna sheria nzuri ya uhuru wa maoni inayopaswa kuufunga mlango huo. Kinachotafutwa ni namna ya kuitofautisha kesi kama hiyo na ile ya mama wa mfereji, na kuitofautisha mapema, kabla mbuzi hawajauzwa.

Sasa kesi kubwa iliyoahidiwa. Hii ni ya kweli, na inaanzia kwenye shimo la dhahabu.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu katika eneo la Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, ili kupisha kampuni iliyokuwa tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Baada ya hapo zilitoka tuhuma kwamba baadhi ya wachimbaji walifukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni zilizikana tuhuma hizo. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya Barrick Gold iliinunua Sutton. Mwaka 2002 ofisi ya kusikiliza malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilitoa taarifa iliyosema haikupata msingi wa tuhuma za mauaji. Wanasheria na wanaharakati wa mazingira wa Tanzania waliendelea kudai uchunguzi huru. Ni jambo zito, lenye pande mbili zinazopingana, na ni aina ya jambo ambalo raia wanapaswa kuweza kuulizana hadharani.

Mwaka 2008, jimboni Quebec nchini Kanada, shirika dogo la uchapishaji liitwalo Écosociété lilitoa kitabu cha Kifaransa, Noir Canada, cha Alain Deneault, Delphine Abadie na William Sacher. Kitabu kilikusanya taarifa zilizokwisha kuchapishwa sehemu mbalimbali kuhusu mwenendo wa kampuni za Kanada barani Afrika, Bulyanhulu ikiwemo. Waandishi walitaka uchunguzi ufanyike. Barrick ilifungua kesi ya kashfa Quebec, ikidai dola milioni 6 za Kanada. Kampuni nyingine, Banro, iliyokuwa na miradi ya dhahabu mashariki mwa Kongo, nayo ikafungua kesi yake ikidai dola milioni 5. Lakini Banro haikufungua Quebec kilikochapishwa kitabu. Ilifungua jimbo jirani la Ontario, ambako nakala zilizokuwa zimesambazwa hazikufika 100. Écosociété ilibishana hadi Mahakama ya Juu ya Kanada kuhusu mahali pa kesi, na mwaka 2012 ikashindwa: kesi ya Ontario iliruhusiwa kuendelea huko huko. Shirika dogo la vitabu likawa na kesi mbili, katika majimbo mawili, kwa kitabu kimoja.

Watu wa Quebec hawakulifumbia macho jambo hili. Mwezi Juni 2009 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia matumizi mabaya ya mahakama kwa lengo la kubana uhuru wa maoni na ushiriki wa raia katika mijadala ya umma. Sheria hiyo ina mambo mawili yanayofaa kuelezwa polepole.

La kwanza ni mzigo wa kuthibitisha. Mdaiwa akionyesha kwa ufupi tu kwamba kesi inaelekea kuwa ya uonevu, mzigo unahamia kwa aliyeshtaki. Yeye ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kesi yake ina msingi na haikuzidi kiasi. La pili ni fedha. Jaji anaweza kumwamuru mdai mwenye uwezo amlipe mdaiwa gharama za kujitetea wakati kesi ingali inaendelea, ili mnyonge asishindwe kwa sababu tu mfuko umetoboka.

Agosti 2011 sheria ile ilifanya kazi. Jaji Guylène Beaugé aliona kwamba kesi ya Barrick, kwa namna ilivyoendeshwa na kwa ukubwa wa madai yake, ilikuwa na sura ya matumizi mabaya ya mahakama. Aliiamuru kampuni iwalipe wadaiwa zaidi ya dola 143,000 ili waweze kujitetea. Hakuifuta kesi. Aliiacha iendelee, ila pande mbili zisimame angalau kwenye ardhi iliyo sawa.

Mwisho wake ulikuwaje? Oktoba mwaka huo huo pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Écosociété ilikubali kuacha kukichapisha kitabu na kuilipa Barrick fedha. Miaka zaidi ya mitatu ya kesi ilikuwa imewachosha. Mwisho huo unauma, lakini una somo ambalo watunga sheria wanapaswa kulisoma kwa makini: sheria ilipitishwa kesi ikiwa tayari barabarani, na msaada wa fedha ulifika mwishoni. Ulinzi unaochelewa hupunguza maumivu tu. Kinachookoa ni ulinzi unaofika mwanzoni, kwenye zile siku za kwanza baada ya samansi.

Na hiyo ndiyo njia iliyofuatwa mapema zaidi huko Marekani. Katika miaka ya 1980 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, George Pring na Penelope Canan, walikusanya mamia ya kesi za aina hii. Walioshtakiwa walikuwa watu wa kawaida: aliyeandika barua kwa halmashauri, aliyezungumza kwenye mkutano wa shule, aliyekusanya saini kupinga ujenzi. Jimbo la Washington lilitunga sheria mwaka 1989, baada ya mama mmoja kushtakiwa na kampuni ya nyumba kwa sababu aliripoti serikalini kwamba kampuni hiyo haijalipa kodi. California ilifuata mwaka 1992, na sheria yake ndiyo inayoigwa zaidi.

Utaratibu wa California ni mwepesi kuuelewa. Mdaiwa ana siku 60 tangu apokee samansi kuiomba mahakama iitupe kesi. Anaonyesha kwamba anashtakiwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu jambo la umma. Akishaonyesha hivyo, mdai anaulizwa: ushahidi wako wa kuweza kushinda uko wapi? Uweke mezani sasa. Wakati ombi hilo linasubiri uamuzi, kazi nzito ya kudaiana nyaraka na kuhojiana inasimama, kwa hiyo gharama nazo zinasimama. Ushahidi ukikosekana, kesi inaishia hapo na mdai anamlipa mdaiwa ada ya wakili. Mtu aliyekashifiwa kweli hapati tabu hapo, maana ushahidi wake anao tangu siku aliyofungua kesi. Anayepata tabu ni yule aliyekuja mahakamani kwa ajili ya kuchelewesha.

Ulaya ilichelewa, na kilichoiamsha ni kifo. Mwandishi wa habari wa Malta, Daphne Caruana Galizia, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake Oktoba 2017. Siku aliyokufa alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 zinazomsubiri, na nyingine ziliendelea dhidi ya familia yake. Aprili 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yanayozitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuzitupa mapema kesi zisizo na msingi zinazovuka mipaka. Wengi huyaita kwa jina lake, Sheria ya Daphne.

Karibu zaidi na sisi iko Afrika Kusini, na hapo pia ni madini. Kampuni ya Australia ya Mineral Commodities, pamoja na tanzu yake inayochimba mchanga wa madini huko Tormin, iliwashtaki mawakili watatu na wanaharakati watatu. Kosa lao lilikuwa kuzungumza: kwenye mihadhara, kwenye vitabu, kwenye redio. Walisema uchimbaji wa Tormin, na ule uliopangwa kufanyika Xolobeni, unaharibu mazingira na kuumiza wanavijiji. Kampuni ilidai zaidi ya randi milioni 14, au kama si fedha, basi waombe radhi. Msikilizaji aitazame hiyo "au". Anayetaka kweli kufidiwa hasara yake huwa na hamu na fedha. Mtu akidai mamilioni kisha akasema yuko tayari kuyaacha yote ukisema tu kwamba ulikosea, anakuwa ameshaonyesha anachokitafuta.

Afrika Kusini haikuwa na sheria maalumu juu ya kesi hizi. Lakini mwaka 2021 Jaji Patricia Goliath wa Mahakama Kuu ya Rasi ya Magharibi alikubali kwamba mdaiwa anaweza kujitetea kwa kusema kesi yenyewe ni matumizi mabaya ya mahakama. Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ilithibitisha kwamba utetezi huo upo katika sheria za nchi, kwa sharti kwamba vitu viwili vitazamwe pamoja: nia ya mdai, na kama madai yake yana msingi. Nia mbaya peke yake haitoshi. Ikaongeza pia kwamba kampuni ya biashara isitegemee kulipwa fidia ya jumla kwa kuumizwa jina pale maneno yanapokuwa sehemu ya mjadala halali wa umma, isipokuwa mahakama ikiona sababu ya kufanya hivyo. Hayo yalifanywa na majaji bila kulisubiri bunge.

Sasa nyumbani. Raia wa Tanzania ana nini mkononi?

Ana Katiba. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kueleza fikra zake, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Ana Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ingawa hiyo inamtazama zaidi anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kuliko anayesimama kwenye mkutano wa hadhara. Na akishtakiwa kwa kashfa ana utetezi unaojulikana: kwamba alichosema ni kweli na kina manufaa kwa umma, kwamba yalikuwa maoni ya haki juu ya jambo la umma, au kwamba alizungumza mahali na kwa watu ambao sheria inamlinda anapozungumza nao.

Upande wa jinai mambo yamebadilika. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 iliifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu waliipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyo ikasema vifungu vingi vya sheria ile, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Bunge liliifanyia marekebisho na kashfa ikaondolewa kwenye orodha ya makosa ya jinai katika sheria hiyo. Ni hatua ya kupongezwa kwa dhati.

Lakini msikilizaji aone kinachofuata. Jela ikiondoka, silaha mojawapo inayobaki mkononi mwa anayetaka kunyamazisha ni kesi ya madai. Kwa hiyo ulinzi upande wa madai unahitajika leo kuliko ulivyohitajika kabla ya 2023.

Na upande huo una pengo. Liko wapi hasa?

Utetezi wote uliotajwa, ukweli, maoni ya haki na kadhalika, unasikilizwa mwishoni, baada ya mashahidi. Mwanzoni mwa kesi mdaiwa ana njia mbili finyu. Anaweza kusema hati ya madai haionyeshi sababu yoyote ya kushtaki, au anaweza kuweka pingamizi la awali. Pingamizi la awali lina mpaka uliowekwa mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya kampuni ya biskuti ya Mukisa dhidi ya West End Distributors. Mahakama ilisema pingamizi la awali lazima liwe hoja tupu ya sheria. Kukiwa na jambo linalohitaji ushahidi ili lijulikane, hilo si pingamizi. Mawakili wa Afrika Mashariki nzima wanaikariri kesi hiyo, na kwa shughuli za kawaida za mahakama ni kanuni nzuri, inayozuia ujanja wa kukwepa kesi.

Ila mwangalie mama wa mfereji. Maji yana sumu au hayana? Hilo ni jambo la ushahidi. Kampuni imemshtaki ili kumnyamazisha? Hilo nalo ni jambo la ushahidi. Kwa hiyo hawezi kulisema mwanzoni likasikilizwa. Wakili wa kampuni anachohitaji ni kuandika hati ya madai iliyonyooka: mdaiwa alisema hivi, siku fulani, maneno haya yametuchafua. Hati ikishakuwa hivyo, kesi imevuka mlango, na safari ya Kawetere imeanza. Sheria ina utetezi mzuri uliowekwa mwisho wa barabara ambayo masikini hawezi kuimaliza.

Je, nje ya mahakama za nchi kuna msaada? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa nchini, Arusha. Desemba 2014, katika kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, ilisema kumfunga mtu kwa kashfa ya namna ile ni ukiukaji wa haki, na ikaona pia kwamba faini, fidia na gharama alizotozwa zilizidi mno kipato chake. Hilo la kipato lina uzito mkubwa kwa mtu anayedaiwa milioni 500. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu raia wake na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo bado, na mkataba wake unampa mtu miezi miwili tu ya kufungua shauri. Miezi miwili ni michache kwa mtu ambaye bado anatafuta nani amsomee samansi.

Basi kwa sasa, mtu wa Makongolosi aliyepokea bahasha afanye nini? Notisi ya wakili si hukumu. Haimlazimishi mtu kukiri wala kulipa, na kuomba radhi kwa haraka kunaweza kutumika baadaye kama kukiri. Samansi ni jambo jingine. Samansi haipuuzwi hata siku moja, na zile siku 21 zinahesabiwa tangu ilipopokelewa. Hatua ya kwanza iwe kumwona msaidizi wa kisheria, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Kabla ya yote hayo, anayetaka kulalamika aandike alichokiona kwa macho yake, tarehe na mahali, apige picha, atunze nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kusema "mbuzi wangu walikufa baada ya kunywa maji haya, naomba yapimwe" ni tofauti kabisa na kusema "fulani ni muuaji". La kwanza ni ushuhuda na ombi. La pili linampa wakili wa upande wa pili kazi rahisi.

Ushauri huo unasaidia, lakini si haki kuuachia ujasiri wa mtu mmoja mmoja kazi ambayo ni ya sheria. Kinachohitajika kimeshaonekana kikifanya kazi kwingine: mdaiwa aruhusiwe kuomba mapema kesi itupwe kwa kuonyesha kwamba anashtakiwa kwa kusema jambo la umma, mdai atakiwe kuweka ushahidi wake mezani, shughuli nyingine zisimame mpaka uamuzi utoke, na gharama alipe aliyemsumbua mwenzake. Kuhamisha mzigo wa kuthibitisha na kuweka adhabu kutahitaji Bunge, na wabunge wa majimbo ya madini wana sababu kuliko wengine ya kulibeba hilo.

Utaratibu wa awali, hata hivyo, hauna haja ya kusubiri muswada. Kanuni za mwendo wa kesi za madai zimo katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na sheria hiyo inampa Jaji Mkuu, kwa ridhaa ya waziri mwenye dhamana ya sheria, mamlaka ya kulirekebisha Jedwali hilo. Mamlaka hayo yalitumika mwaka 2019, na siku 21 za utetezi zilizotajwa katika kipindi hiki zilipangwa upya katika marekebisho hayo. Njia iliyopitisha kanuni zile inaweza kupitisha nyingine, itakayompa mdaiwa, ndani ya siku zile zile 21, nafasi ya kumwomba hakimu wa Chunya au wa Mbeya aiangalie kesi kabla haijaanza kumla.